Binti yangu wa miaka 7 anaimba nyimbo za mafumbo mbele ya bibi yake, nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama Naila

Habari za jioni wapendwa. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaniumiza kichwa kweli. Nina binti yuko darasa la pili, mchangamfu sana, na ana sikio la muziki balaa, wimbo akiusikia mara mbili ushamkaa. Sasa wiki iliyopita mama mkwe kaja toka Tanga, tumekaa sebuleni tunachagua mchele, mtoto yuko pembeni anasuka midoli yake huku anaimba singeli moja inayopigwa kila kona sasa hivi, kiitikio chenyewe siwezi kukiandika hapa, na akifika pale penyewe anainuka anakatika kiuno na kupiga makofi kama wale wacheza shoo. Mama mkwe akaacha mchele akaniangalia. Mbele ya mtoto hakusema kitu, alipotoka nje ndo akaniuliza, "mwanangu, huyu anajua anachokiimba?"

Jioni nikamuita mtoto kwa upole nikamuuliza, "mama, huu wimbo unahusu nini?" Akanijibu "unahusu mtu ana njaa anataka chakula." Yaani kaelewa vile vile maneno yalivyo, maana aliyetunga kaficha mambo yake kwenye chakula. Nikakosa la kumwambia, kwa sababu nikisema ni wimbo mbaya ataniuliza ubaya wake uko wapi, na mtoto wa miaka 7 namuelezaje?

Nyumbani hatupigi singeli. TV yetu ikiwaka ni zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na wao wana Ubongo Kids yao. Nilipomuuliza kaupata wapi akasema kwenye basi la shule. Baba yao anataka miziki yote ipigwe marufuku ndani ya nyumba, abaki na kaswida tu. Mimi naona hapana, mziki naupenda, nimekua na Lady Jaydee na Juma Nature na sitaki mtoto aone kuimba ni dhambi. Ila lile swali la mama mkwe halinitoki. Nyie mnafanyaje?

Bint Pongwe

Pole shoga yangu, ila usiogope sana. Mi nimezaliwa Tanga hapo hapo kwa mama mkwe wako, nikuulize, sisi miaka ya tisini tulikuwa tunaimba nini? Taarab! Khadija Kopa yuko kundi la TOT, wapinzani wao Muungano nao wanawajibu, na sisi watoto tuko uani tunapika vifuu na mchanga huku tunaimba mipasho yote toka mwanzo mpaka mwisho na mikono kiunoni. Mle ndani mlikuwa na maneno mazito hayo, wivu, kuibiana mabwana, kusutana, na mafumbo ya kitandani yamo. Hatukujua hata moja. Nimekuja kuelewa nyimbo zingine nishaolewa, nipo jikoni naosha vyombo wimbo unapigwa redioni nikasimama, kheee kumbe!

Kwa hiyo mtoto akisema ni chakula basi kwake ni chakula. Usimfumbue macho kabla ya wakati wake.

Baba Wawili

Naheshimu mawazo ya dada hapo juu ila taarab ile ulikuwa unaisikia redio ikiamua kupiga, sasa hivi mtoto anashika simu anaona na video, na video haina fumbo, inaonyesha kila kitu. Hiyo ndo tofauti.

Na kufungia nako sijaona kama kunasaidia. Mnakumbuka 2018 BASATA, baraza la sanaa la taifa, walipoufungia ule wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond? Wakaenda kuuimba jukwaani Mwanza kwenyewe, wakafungiwa hata kutumbuiza. Hapa mtaani kwetu ndo kwanza watoto waliushika, hata ambao walikuwa hawaujui wakaanza kuutafuta. Mimi kwangu simu zina nywila, YouTube nimezima ile ya kujicheza yenyewe video moja baada ya nyingine, maana hapo ndo mtoto anaanzia kwenye katuni anaishia kusikojulikana, na TV iko sebuleni hakuna chumbani. Mtoto akitaka kuangalia aangalie watu tupo.

Mama Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni hayo hayo. Mwaka 2019 Ezekiel Mutua alipokuwa mkuu wa bodi ya filamu ya Kenya alisema nyimbo za Wamlambez na Tetema zisipigwe nje ya klabu, na watoto wa mtaa mzima wakirudi madrasa wanaitikiana barabarani, mmoja anaita wengine wanajibu.

Lakini nataka kusema kitu kimoja ambacho mimi nakiamini sana. Maneno haya si mapya, Waswahili tumekuwa nayo tangu zamani na hatukuona haya kuyaimba. Chakacha ni nini? Ni kiuno na mafumbo mwanzo mwisho. Lakini chakacha ilikuwa na mahali pake, ni harusini, wanawake peke yao, usiku, mlango umefungwa, na mtoto akichungulia dirishani anafukuzwa "nenda kalale, haya ya wakubwa." Mwari naye akiwekwa ndani somo wake, yaani kungwi, anamfunza kila neno na maana yake, kwa kituo, kwa sababu wakati wake umefika. Hakuna aliyesema ngoma ile ni mbaya. Iliambiwa ni ya wakubwa, basi. Siku hizi mlango ule haupo, ngoma ya ndani imetoka iko matatuni, iko dukani, iko kwa kinyozi, na hakuna mtu mzima anayesema tena "haya ya wakubwa" kwa sababu kila mtu anaona si kazi yake.

Kwa hivyo mama Naila, huna haja ya kumueleza mtoto fumbo, na wala usimwambie wimbo mbaya. Mwambie ni wimbo wa wakubwa, una maneno ya wakubwa, ukikua utaujua. Mtoto anaelewa hayo kwa sababu ashazoea, kuna kahawa ya wakubwa, kuna dawa za wakubwa, kuna maongezi ya wakubwa anaambiwa toka nje. Sema hivyo hivyo bila kukunja uso. Ukikunja uso atajua pana kitu akitafute.

Mwalimu wa Awali

Mama Mvita umeongea vizuri sana, asante. Mimi nafundisha chekechea hapa Dar na niseme la moyoni, sisi mashuleni na nyie wazazi tunashirikiana kuuondoa huo mlango. Njooni kwenye mahafali Novemba muone. Mtoto wa miaka mitano kavalishwa joho na kofia, DJ anaweka ule ule wimbo, mtoto anaanza kukatika, na wazazi wanainuka na noti kwenda kumtunza, mwingine anambandika elfu mbili usoni, simu zote juu zinarekodi. Yule mtoto kajifunza nini siku ile? Kajifunza kuwa akikatika hivyo watu wazima wote wanafurahi. Halafu Jumatatu akifanya hivyo hivyo sebuleni anagombezwa. Tunamchanganya jamani. Mwaka juzi nilipendekeza kwenye kikao watoto wacheze ngoma za makabila na michezo yao, nikaambiwa wazazi watasema mahafali yalipoa.

Mama Naila

Nimesoma zote na nashukuru sana. Jana usiku nilijaribu ile ya Mama Mvita, nilimwambia tu ule wimbo wa wakubwa. Akaniuliza "kama kahawa?" nikamwambia eeh kama kahawa. Akasema sawa, akaniuliza na ule mwingine je, akaimba, na ule mwingine je, akaimba, basi tukakaa pale kitandani tunapanga huu wa wakubwa, huu wa wote, na zingine ni nzuri kabisa, mi mwenyewe nikaimba naye. Mama mkwe alikuwa mlangoni anasikiliza, asubuhi ananiambia na yeye ana zake za kumfundisha.

Limebaki basi la shule. Watoto wanapanda saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wanakaa humo na foleni ya Kimara unaijua, karibu saa nzima singeli, na jioni hivyo hivyo. Nikiongea peke yangu nitaonekana mama mjuaji.

Dada wa Goba

Usiongee peke yako, na usianze na dereva kumgombeza, yule anaamka saa tisa usiku, mziki ndo unamfanya asisinzie, na hilo la kutosinzia sote tunalitaka. Sisi tuliliongea kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, tukachanga hela ndogo tu, tukanunua flashi, baba mmoja akajaza nyimbo, zimo za Ubongo Kids, zimo Bongo Flava za zamani zilizo safi, zimo kwaya na kaswida, na dansi la kina Mbaraka Mwinshehe, hilo kwa ajili yake dereva. Mwenyekiti wa wazazi akampelekea na soda akamuomba vizuri, akakubali hapo hapo, akasema hata yeye ana binti darasa la kwanza.

Ila jazeni nyimbo nyingi na mbadilishe kila mwezi. Yetu ya kwanza ilikuwa na nyimbo chache, zikamchosha, akarudi kwenye redio.