Programu gani itabadilisha rangi moja bila kugusa pikseli za jirani?

Muulizaji
Wakuu, nina vipicha 40 vya mchezo ninaoutengeneza, kila kimoja pikseli 32 kwa 32. Nataka joho jekundu la askari liwe la kijani. Kwenye programu ya simu nikimwaga rangi, kingo zinabaki na utando wa waridi, na nikikikuza kipicha kinakuwa ukungu mtupu. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na sitaki kulipia kila mwezi. Nichukue GIMP, Krita au nini?

Jibu la kwanza
Ulivihifadhi kwa JPEG? Basi mchawi ni huyo. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, nyekundu moja uliyopaka inazaa nyekundu chungu nzima. Rudi kwenye faili za mwanzo, hifadhi kwa PNG, isiyoharibu rangi.

Mimi ningechukua GIMP. Paka kwa penseli, si brashi, maana brashi hulainisha kingo, na hiyo nayo huleta utando. Ukichagua kwa rangi, kizingiti (tofauti ya rangi inayovumiliwa) kiwe 0. Ukikuza, zima ukadiriaji wa pikseli (Interpolation, unaochanganya rangi za jirani), na uzidishe kwa namba kamili: mara 2 au 4, kamwe si 2.5.

Utamu wenyewe uko kwenye jedwali la rangi. Igeuze picha iwe ya jedwali (mwisho rangi 256), na kila pikseli itabeba namba ya nafasi tu. Badilisha rangi ya nafasi hiyo, joho zima linageuka bila kupaka chochote.

Jibu la pili
Krita ni tamu kwa kuchora, lakini kwa kazi hii unamwita fundi rangi aje kubadilisha balbu. Halafu 40 utazifungua moja moja? Weka ImageMagick, programu ya bure inayohariri picha kwa amri za maandishi. Mfano wa faili moja, kijani kipya kwanza kisha nyekundu ya zamani:

magick askari.png -fill "#2E8B3A" -opaque "#C8281E" mpya.png

Usiongeze -fuzz (inayokubali hata rangi zinazokaribiana); bila hiyo, amri itagusa nyekundu hiyo kamili peke yake. Kama joho lina kivuli, rudia amri kwa kila nyekundu.

Muulizaji
Faili za mwanzo nimezipata, joho lina nyekundu 3 tu. Amri imepita zote 40 kufumba na kufumbua. Ila nilisahau kuwa mdomo ulipakwa nyekundu ileile, sasa nina kikosi kizima chenye midomo ya kijani.

Jibu la pili
😂 Midomo irudishie kwa penseli. Ni pikseli ngapi, mbili?

Muulizaji
Tatu.