Mtoto aanzie wapi katika muziki wa jadi wa Kihindi?

Mzazi, Mikindani: Shikamooni wakubwa. Binti yangu wa miaka saba, ambaye huimba kaswida madrasa, amevutiwa na uimbaji wa Kihindi aliousikia kwa jirani zetu. Je, nimwanzishie kinanda au sauti yake mwenyewe?

Mwalimu, Lindi mjini: Marahaba, mama. Anza na sauti. Noti saba, yaani Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni, huimbwa juu ya mvumo usiokatika wa tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, na Sa haina kimo kimoja kwa watu wote; chagua kile kinachomkalia mtoto vizuri, kwa kuwa nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Mwache kwanza aishike Sa peke yake kwa pumzi ndefu, hata kwa majuma kadhaa, mpaka sikio litulie, ndipo umfundishe raga (mpangilio wa noti unaoongoza uimbaji) ya Bhupali, ambayo haina Ma wala Ni na hivyo humpunguzia mzigo. Kinanda kikitangulia, mtoto hutegemea vidole badala ya sikio, jambo ambalo nimeliona mara nyingi na kulijutia.

Mpiga ngoma, Mtwara: Naongeza habari ya mapigo. Tintali, mzunguko wa mapigo wa muziki huu, ina mapigo 16 katika mafungu manne. Mtoto hupiga kofi kwenye la 1, la 5 na la 13, na kwenye la 9 hupunga mkono bila kofi.

Mzazi, Mikindani: Nashukuru sana. Tutaanza na Sa leo jioni.