Mrejesho: seli za perovskaiti zilizogeuka njano

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini seli za jua za perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme) tulizotengeneza katika maabara ya chuo, Mwanza, zilikuwa zikipoteza weusi wake na kuwa njano ndani ya siku chache. Mlinieleza kwamba unyevu na joto huivunja methilamoniamu, sehemu ya kikaboni ya fuwele hiyo, ikabaki iodidi ya risasi (metali ya risasi iliyoungana na iodini), ambayo ndiyo hiyo njano. Ni kweli kabisa: rangi ilianzia kwenye kingo, ikatambaa taratibu kuelekea katikati.

Tulitumia formamidiniamu, kikaboni kinachostahimili joto zaidi, pamoja na metali ya sesiamu kidogo badala ya methilamoniamu, kisha tukafunika kioo na kuziba kingo kwa mpira wa butili, ambao haupitishi unyevu kirahisi. Kuziba ndiko kulikotutoa jasho, kwa sababu hewa ya ziwani ina unyevu mwingi na tundu dogo tu huharibu kila kitu. Seli iliyozibwa vizuri sasa ina wiki tatu na bado ni nyeusi. Seli nyingine iliyoachwa wazi dirishani imeshakufa.

Ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, haujapanda. Najua teknolojia hii ilianza mwaka 2009 nchini Japani kwa asilimia 3.8 na leo maabara kubwa zimevuka asilimia 26, lakini kwangu uimara unatangulia. Ahsanteni sana, wiki ijayo tunaipeleka juani, juu ya paa.