Naomba ushauri: bushi za mkono wa chini, nizibadilishe nyumbani bila presi (mashine ya kushindilia)?

Wakuu wa Mwanza, habari za leo. Gari ni Toyota IST. Bushi kubwa za nyuma (mipira yenye ganda la chuma) za mikono ya chini ya mbele, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, zimekwisha: ukifunga breki gari linavuta kushoto, na kwenye mawe ya kupanda Isamilo linagonga. Nikibinya kwa mtaimbo, ufa kwenye mpira unameza ncha ya bisibisi. Boljoint (kiungo cha mkono na gurudumu) bado ngumu, ndiyo maana sitaki kununua mkono mzima.

Mpango wangu ni kukata ganda la bushi kwa msumeno wa chuma kutokea ndani, bila kugusa tundu la mkono, kisha kuivuta mpya kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba kinachokalia ganda la nje tu. Kilainishi ni maji ya sabuni, maana grisi inalegeza mpira. Nyundo hapana kabisa. Mwelekeo wa uwazi wa mpira nitauwekea alama ya rangi kabla ya kutoa.

Kinachonisumbua ni kukaza. Bolti za bushi zinatakiwa zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake. Ukizikaza mkono unaning'inia, mpira unabaki umesokotwa na kuchanika mapema. Sina shimo la kuingia chini ya gari likiwa limesimama kwa magurudumu. Je, jeki chini ya mkono, karibu na boljoint, mpaka gari lianze kunyanyuka kwenye stendi, inatosha?

Pia, Igoma au Mabatini kuna fundi mwenye presi anayepokea mkono uliokwisha kufunguliwa? Alaimenti (mpangilio wa magurudumu) nitapima baadaye.