Naombeni ushauri: nimtoe mtoto akademi?

Papa Kamalondo: Wakubwa, sipati usingizi. Mwanangu ni beki wa kushoto, yuko timu ya vijana ya klabu moja kubwa hapa Lubumbashi. Wakala amemwona, anasema kuna timu Zambia inamtaka. Nimtoe akademi au nimwache?

Shabiki wa Ruashi: Haraka ya nini? Kipa Kidiaba alikuwa anadakia hapahapa, klabu yetu ya Mazembe, 2010 akacheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Italia. Siku ya nusu fainali tulipowapiga Internacional ya Brazil 2-0 nilikuwa na homa, nikatoka kitandani, tukaimba barabarani mpaka sauti zikakauka!

Mama Katuba: Anasoma? Wangu aliacha masomo kwa ajili ya mpira, goti likaharibika. Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, hana, mpira hana.

Refa Mstaafu: Ana miaka mingapi?

Papa Kamalondo: Umri si tatizo.

Refa Mstaafu: Ndiyo tatizo lenyewe. Chini ya miaka 18 FIFA hairuhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama mzazi kuhama kwa shughuli zisizo za mpira. Ana mingapi?

Papa Kamalondo: 15. Kwenye pasipoti wakala ameweka 18. Mwili anao, nani atashtuka? Na dolari 300 nimeshatoa. Akademi wanamweka benchi, viatu soli imeachia, nimeishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Nyinyi mngekaa tu?

Refa Mstaafu: Akitimiza 18 za kweli, karatasi itasema 21. Timu za taifa za vijana, chini ya miaka 17 na chini ya 20, zitakuwa zimempita. Tena waliomlea tangu miaka 12 wana haki ya fidia ya malezi, pesa wanazolipwa na klabu inayomchukua. Klabu makini itauliza alikolelewa, na hapo tarehe mbili za kuzaliwa, ya akademi na ya pasipoti, zitagongana.

Kijana wa Kampemba: Mnapoteza muda, hadithi ya kutunga hii. Kwenye mada nyingine humu jukwaani aliandika "mtoto wa kaka yangu". Leo amekuwa mwanawe?

Papa Kamalondo: Mtoto wa kaka yangu ni wa nani kama si wangu? Anakula bukari (ugali) kwangu, ada nalipa mimi.

Mama Katuba: Ni wako, papa, hakuna anayekunyang'anya. Kaka yako amesemaje?

Papa Kamalondo: Yuko Kolwezi, machimboni. Sijamwambia. Nilitaka asikie mtoto ameshasaini.

Refa Mstaafu: Pasipoti iko kwa nani?

Papa Kamalondo: Kwa wakala.

Refa Mstaafu: Kaichukue leo, hata kama zile 300 hazirudi. Halafu mpigie kaka yako.