Joto la kukatika hedhi: tupeane uzoefu, watu wa Unguja na Pemba

Mama wa Jang'ombe

Asalaam aleikum dada zangu, na mama zangu pia mliomo.

Nilipovunja ungo nilikuwa na somo. Alinifunza kufunga sodo, kukoga josho, kuhesabu siku za twahara, na nilipokosea alirudia mpaka nikaelewa. Sasa nina miaka 51, mwaka mzima sijaona siku zangu, na hakuna aliyenifunza namna ya kutoka huku.

Joto linanianzia kifuani. Linapanda shingoni, usoni, mpaka utosini, kama nimefunua chungu cha pilau nikakiinamia. Dakika tatu nne, halafu jasho, halafu baridi. Kaskazi hii, ndani ya daladala la Fuoni na baibui langu, nilitamani kuteremka popote nikae chini. Usiku nabadilisha kanga mara mbili.

Kabla ya kujua, nilipimwa malaria mara tatu, hakuna kitu. Presha, sawa. Jirani akasema nimepandwa na shetani, nikanyweshwa kombe. Nililinywa kwa imani yangu na sijuti, lakini joto halikuondoka. Kituo kimoja nilichokwenda niliambiwa, "Utu uzima huo mama, vumilia," akaitwa mgonjwa mwengine. Liliniuma sana neno lile. Wiki nzima nilikuwa nikikusanya ujasiri wa kwenda kulisema.

Daktari wa pili, mwanamke, ndiye aliyekaa na mimi. Kanieleza kwamba estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto dogo tu linapozidi, yenyewe inadhani mwili unaungua, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Kanipima na tezi la shingo, kwa sababu nalo likifanya kazi kupita kiasi huleta jasho kama hili. Limetoka salama. Sasa anataka tuzungumze dawa za homoni, za kurudishia ile iliyopungua, nami naogopa. Nani ametumia? Na msiotumia mnaishije?

Mkulima wa mwani, Paje

Waaleikum salaam shoga yangu. Mie nina 54, mwaka wa nne huu na joto.

Mchana bahari inanisaidia. Bamvua maji yakitoka niko mwanini, miguu imo majini, joto likija najimwagia maji kichwani, kazi inaendelea. Usiku ndio mtihani. Nimeacha chai ya moto baada ya isha, na urojo nakula bila pilipili, kwa sababu kwangu pilipili haikosei: nikila tu, moto umepanda. Dada yangu anakula pilipili mbuzi na hana habari. Kila mtu ajichunguze mwenyewe. Nakoga maji ya mtungini kabla ya kulala, naweka kanga kavu ya pamba karibu na mto. Nguo za nailoni nimezigawa zote.

Kuna unga niliuziwa mnadani, eti unarudisha ujana. Hauna hata karatasi ya kusema ndani mna nini. Tumbo liliniuma siku tano. Nimeutupa.

Shangazi wa London

Mie mzaliwa wa Malindi, niko Uingereza miaka mingi. Natumia homoni tangu nilipokuwa na 50, leo nina 55. Mwezi wa kwanza haujaisha nilikuwa nalala mpaka alfajiri.

Woga mwingi tulionao una mwaka wake: 2002. Huko Marekani ulisimamishwa utafiti mkubwa wa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini (dawa ya jamii ya projesteroni, homoni nyengine ya kike), na magazeti yakaandika kwamba homoni zinaleta saratani. Ni kweli saratani ya matiti ilizidi, kiasi cha wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka, na kiharusi na damu kuganda navyo vilizidi. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa 63. Wengi wao walianza dawa muda mrefu baada ya hedhi kukatika. Madaktari wamerudi kuzitazama hesabu zile, na sasa wanasema kwamba mwenye umri chini ya 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi yake ikatike, kama joto linamtesa na hana kizuizi, mara nyingi faida inazidi hatari.

Vizuizi viulizwe kweli: saratani ya matiti, damu kuganda miguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa ini, au kutokwa na damu kusikojulikana sababu. Mie nilipewa vibandiko vya ngozini kwa sababu nina uzito mkubwa, na vya ngozini havigandishi damu kama vidonge vinavyoweza.

Huku kwetu, tangu Aprili 2023 kuna cheti unachokilipia mara moja, kinakutosha dawa hizi mwaka mzima. Najua nyumbani hali si hiyo, na inaniuma. Dada zangu wa Unguja wananambia wanazunguka maduka ya dawa ya Darajani mpaka jua linakuchwa.

Mpemba wa Wete

Shangazi, nimesoma neno lako la vibandiko, na mie nna langu la kusema. Nlikuwa sijamwambia mtu ila mume wangu.

Dada yangu yuko huko uliko. Alinionea huruma, akawa ananiletea vibandiko vyake kila akija mtu. Ewe, nlipona! Joto lilikwisha, usingizi ukarudi, nlimwombea dua kila sala. Nikavivaa miezi minane.

Mwezi wa tisa nikaona damu. Mie hedhi yangu ilikatika miaka mitatu nyuma. Nikajidanganya kwamba ujana umerudi, nikanyamaza. Ikaja tena, nyingi, mpaka kwenye mkeka. Nlikuwa na wanawake wenzangu tunachambua karafuu, nikaondoka kinyumenyume.

Nlipokwenda kupimwa, daktari akaniuliza natumia nini. Nikamtolea kibandiko. Akakisoma, akaniuliza: "Dada yako ana kizazi?" Dada yangu kizazi kilitolewa zamani, kwa uvimbe. Basi hapo ndipo palipokuwa na kosa. Yeye estrojeni peke yake inamtosha. Mie kizazi ninacho, na estrojeni ikiwa peke yake inaunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na ukuta ukinenepa muda mrefu unaweza kugeuka saratani. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni ya kuulinda ukuta ule.

Nikapigwa utrasaundi, ukuta umenenepa. Wakachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa. Kungoja majibu, wenzangu, simwombei hata adui. Karafuu zimejaa jamvini na mikono haitaki. Majibu yakaja hamna saratani, alhamdulillahi. Sasa natumia vyote viwili, vimeandikwa kwa jina langu.

Dada yangu hakukusudia ubaya, analia mpaka leo. Lakini dawa ya mwenzio usiitumie hata kama mmenyonya ziwa moja. Na damu inayorudi baada ya mwaka, hata tone moja, nenda siku hiyo hiyo. Mie nlichelewa wiki sita.

Ummu Salma

Pole sana wa Wete. Mimi sina ruhusa ya homoni kabisa, nilitibiwa saratani ya ziwa, na tamoksifeni, dawa ya saratani hiyo ninayomeza, yenyewe inazidisha joto. Nilipewa venlafaksini, dawa ya sonona isiyo homoni, dozi ndogo. Joto halijaisha ila limepungua, naweza kukaa harusini. Mwenye kumeza tamoksifeni asikubali paroksetini, nayo ni dawa ya sonona, bila kumkumbusha daktari, inaipunguza tamoksifeni nguvu.

Mwalimu wa Chake

Nami niongeze la ibada. Nilipewa talaka nikiwa na 48, hedhi inakuja na kupotea miezi minne. Eda nihesabu vipi? Aya ya nne ya Surat At-Talaq inataja miezi mitatu kwa waliokwisha kukata tamaa ya hedhi, na mimi nilikuwa bado sijafika hapo. Nilitaka kujihesabia mwenyewe. Ustadhi akanizuia, akaniambia nimletee tarehe zote nilizoandika. Kwa hiyo andikeni tarehe zenu, zinamfaa daktari na zinamfaa sheikh. Na Ramadhani, kibandiko, kwa ustadhi wangu, hakifunguzi saumu. Vidonge nilikuwa nameza wakati wa daku.

Baba Khamis

Mie mwanamme, niwieni radhi kuingia. Mke wangu alihama chumba miezi sita, nikadhani amenichoka, na ndugu zangu wakaanza kunitajia mke mwengine. Nimesoma hapa mpaka mwisho. Jana nimemuuliza kwa mara ya kwanza. Amelia, kisha kaniambia pia kwamba tendo linamuuma. Tufanye nini?

Shangazi wa London

Baba Khamis, Mungu akuzidishie. Ukavu huo nao una dawa, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka mahali penyewe, kiasi kidogo sana kinachoingia mwilini, na kuna vilainishi visivyo na homoni. Mpeleke kwa daktari mwende pamoja, na wewe ingia chumbani naye kama atapenda.

Mama wa Jang'ombe

Nimewasoma wote, nimelia na nimeshukuru. Kesho asubuhi narudi kwa daktari, na swali la kwanza ni la projesteroni.

Leo alasiri nilikwenda kwa mama yangu, ana miaka 79. Nikamuuliza: mama, wewe ilikuwaje? Alikaa kimya muda mrefu. Sisi watoto tunakumbuka kuna miaka alikuwa analala ukumbini, juu ya saruji tupu, kipepeo cha ukili mkononi, na tulikuwa tunanong'onezana kwamba wamegombana na baba. Kanambia, "Nlikuwa nnadhani nnakufa. Nikanyamaza nisikutisheni."

Wa Wete, nikuulize: hivyo vibandiko kwa jasho letu hili havibanduki?

Mpemba wa Wete

Hubanduka ukiweka penye mafuta. Mie nilikuwa najipaka mafuta ya nazi mwili mzima baada ya kukoga, kikawa hakidumu hata siku. Sasa naacha pahala pakavu chini ya kiuno, sipaki kitu, nakibana kidogo kwa kiganja. Kamwe si kwenye ziwa. Nabadilisha mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alkhamisi, upande huu na upande huu. Utrasaundi nyengine nimepangiwa Mfunguo Tano, inshallah nitakuja kukwambieni.