Taa ya chaji inawaka kwa mbali gizani, betri mpya inaishiwa. Altaneta imekufa kweli?

Pikapu_Kuukuu
Wakuu habari za muda. Nina pikapu ya zamani ya petroli, ya kabureta, haina kompyuta wala nini, na umeme wake ni ule wa kizamani. Shida ni chaji. Betri nilibadilisha maana niliambiwa ndo mbovu, ikakaa vizuri kidogo alafu mchezo ukarudi uleule, nikitembea mchana hamna neno ila nikitembea usiku taa kubwa zikiwa zimewaka basi asubuhi starta inazunguka kivivu, siku nyingine inalia tik tik tu inagoma. Sasa kuna kitu nimekigundua, ile taa nyekundu ya alama ya betri kwenye dashibodi, mchana unaweza kuapa imezimika kabisa, lakini kwenye giza unaona inawaka kwa mbali sana kama kaa linalotaka kuzimika, na nikiwasha taa kubwa na wipa na feni ya ndani inaongezeka kidogo. Fundi kaja kagusagusa nyaya, kasikiliza, kasema altaneta, ule mtambo wa kuzalisha chaji, imekufa tafuta nyingine. Inawezekana yuko sahihi ila hakupima kitu chochote. Fenibelti nimeiangalia haina nyufa, nimeikaza, hailii. Mita ya digitali ninayo ya kawaida tu, nielekezeni nianzie wapi kabla sijatoa hela.

MzeeWaStarta
Mbona rahisi hiyo kijana. Washa gari, ikishatulia chomoa kichwa hasi cha betri. Ikizima altaneta imekufa, ikiendelea kuunguruma iko hai. Sisi tumepima hivyo miaka yote na magari yanatembea.

Volti14
Mzee shikamoo, ila hapo naomba nipingane na wewe kwa heshima zote. Hiyo ilikuwa sawa enzi za dainamo, kabla ya altaneta. Altaneta ikiwa inasukuma mkondo mkubwa kwenda kwenye betri alafu ukachomoa ghafla, ule umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu mara kadhaa ya kawaida kwa sehemu ya sekunde, na hiyo sehemu ya sekunde inatosha kutoboa dayodi au kuua regyuleta (kidhibiti cha volti) au ata redio. Unaenda kupima altaneta nzima unaondoka na mbovu. Na ata kama hakuna kitakachoungua, jibu lenyewe halina faida kwake, gari la kabureta linataka umeme mdogo tu wa koili ya plagi ili liendelee kuwaka, altaneta yenye nusu ya nguvu zake italibeba vizuri tu na wewe utasema iko hai.

Pikapu, anza hivi. Ichaji hiyo betri kwanza kwa chaja ijae, maana ukipima na betri iliyokufa kila namba itakudanganya. Iache itulie masaa kadhaa gari ikiwa imezimwa alafu pima kichwa hadi kichwa, ikiwa 12.6 hivi imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 kushuka chini hiyo ina njaa. Kisha washa gari, pandisha resi kidogo, pima tena palepale kwenye betri. Unategemea kuona kati ya 13.8 na 14.5. Baada ya hapo washa mzigo wote, taa kubwa, wipa, feni, shikilia resi ya wastani, namba ikishuka kidogo ni kawaida ila isiende chini ya 13.5 hivi. Ikipanda kupita 15 ni regyuleta, na hiyo inachemsha betri.

Alafu kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka sijui kwanini: mzigo ukiwa bado umewaka, pima pia nyuma ya altaneta yenyewe, ncha moja ya mita kwenye ile nati ya waya mnene, B+, nyingine kwenye bodi ya altaneta. Uwe makini, hiyo nati ina umeme wa betri muda wote ata gari ikiwa imezimwa, spana ikigusa nati na bodi kwa pamoja utaona cheche za kutosha. Na mikono, shati na nyaya za mita ziwe mbali na feni na mkanda. Tuletee namba zote mbili.

SpanaKumi
mi naona hapo ni dayodi tu jamani tusizunguke. altaneta inatoa umeme wa kwenda na kurudi (AC), mkondo wa njia tatu, na zile dayodi sita ndo zinaunyoosha uwe wa upande mmoja (DC). ikifa moja unapoteza sehemu ya chaji na taa inaanza kuwaka kimalaika malaika hivyohivyo kama anavyosema. nimeona gari nyingi sana. dalili nyingine redio inapiga mluzi unaopanda na resi, alafu betri inanyonywa usiku gari ikiwa imelala kwasababu dayodi iliyotoboka inarudisha umeme nyuma. jaribu hivi, gari ikiwa imelala usiku kucha gusa mwili wa altaneta asubuhi kabla hujawasha, ukiikuta ina uvuguvugu wakati injini yote ni ya baridi umeshapata jibu

na ukipima weka mita kwenye AC volti pale kwenye betri gari ikiwa inaunguruma na mzigo. ikizidi nusu volti dayodi zina shida. ila kuna mita za bei rahisi ukiziweka AC kwenye umeme wa betri zinachanganyikiwa zinakupa 30 na kitu, ukiona hivyo ni mita sio gari

Volti14
Spana inawezekana, sikatai, na hicho kipimo cha AC akifanye. Ila nilichokiona mimi kwenye maelezo yake ni kwamba taa INAONGEZEKA akiwasha mzigo. Fikirieni ile taa ya chaji imekaa wapi. Upande mmoja inapata umeme kutoka swichi ya kuwashia, yaani upande wa betri, upande wa pili imeunganishwa na altaneta. Inazimika pale tu volti za pande zote mbili zinapolingana. Kwahiyo taa ikiwaka kwa mbali maana yake pande mbili zimeachana kidogo, na haikuambii ni upande gani uko chini. Altaneta inaweza kuwa dhaifu kweli, au altaneta iko vizuri kabisa ila umeme haufiki kwenye betri, waya mnene umeoza mahali au kichwa kimelegea. Taa itawaka vilevile kotekote, ndo maana nikasema apime sehemu mbili, kuitazama tu haitoshi.

MzeeWaStarta
Marahaba kijana. Sawa nimekusikia, ila hizo mita zenu nazo zina mambo yake.

Pikapu_Kuukuu
Asanteni wakuu, nimepima. Betri baada ya kuchaji na kutulia ilikuwa 12.6. Gari ikiwaka bila mzigo kwenye betri 13.4, kwenye altaneta 14.4. Nikawasha kila kitu na resi ya wastani, kwenye betri ikaporomoka hadi 12.5, nikahamisha mita nyuma ya altaneta nikakuta 14.3, nikarudia mara kadhaa maana sikuamini. AC kwenye betri ni 0.04. Altaneta niliigusa asubuhi ni ya baridi kabisa. Hii 14.3 na 12.5 inakuwaje kwenye gari moja?

Volti14
Ndo hapo sasa. Usinunue altaneta. 14.3 ikiwa na mzigo ni altaneta yenye afya, na 0.04 inasema dayodi ziko salama. Umezalisha 14.3 imefika 12.5, volti 1.8 zimepotelea njiani. Taa kubwa mbili, wipa, feni na koili tuseme jumla wanakula ampea 25 hivi, zidisha na 1.8 unapata wati 45, na hizo wati zinageuka joto sehemu moja ndogo kwenye huo mnyororo, kwahiyo kuna mahali pana moto wa kuyeyusha plastiki. Na regyuleta ya altaneta kama hii yako ipo ndani na inajipima yenyewe palepale ilipo, inaona 14.3 inaridhika, haijui kama betri inalala njaa. Ndo maana mchana mkondo ukiwa mdogo hupati shida, upotevu unakuwa mdogo pia.

Sasa tafuta mahali penyewe. Mzigo uwe umewaka na injini inaunguruma, mita kwenye DC, ncha moja kwenye nati ya B+ nyingine kwenye nguzo chanya ya betri, nguzo yenyewe ya risasi sio kile kibanio. Itasoma huo upotevu moja kwa moja. Inatakiwa iwe 0.2 au 0.3 basi. Alafu sogeza ile ncha ya betri kurudi nyuma hatua kwa hatua, kwenye kibanio, kwenye fyuzi kubwa, kwenye maungio, pale namba inapoanguka ghafla ujue umeivuka sehemu mbovu. Fanya hivyohivyo upande wa hasi, bodi ya altaneta hadi nguzo hasi, huko 0.2 ni nyingi tayari, waya wa ethi kati ya injini na bodi ya gari huwa unasahaulika sana. Usipime kwa omu (ukinzani), waya wenye nyuzi tatu zilizobaki utakupa omu sifuri na mita itakuambia uko sawa, mpaka upitishe mkondo ndo unasema ukweli.

Pikapu_Kuukuu
Mkuu nimeikamata. Upande wa hasi ni 0.08. Upande wa chanya 1.7 jumla na karibu yote iko kwenye fyuzi kubwa, ile inayokaa katikati ya waya wa altaneta na betri. Kwa nje kifuniko kilikuwa kizima ila kukifungua kichwa cha waya kimoja kimekuwa kijani na plastiki yake imekunjamana kwa joto, nati inazungushwa kwa vidole. Nimechomoa hasi ya betri, nikakata waya mpaka kwenye shaba inayong'aa, nikaweka kichwa kipya cha kubana na fyuzi mpya ya ampea zilezile. Sasaivi na mzigo wote betri inasoma 13.9, altaneta 14.1. Taa ya dashibodi nimeiangalia gizani, imezimika.

SpanaKumi
safi sana. mi nilikuwa nshaivunja hiyo altaneta mezani hapa. ila ukipata nafasi angalia na kaboni za altaneta, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, gari ya umri huo zinakuwa zimeisha, zikibaki milimita 5 hivi badilisha tu ni kitu kidogo. na hiyo betri iliyokaa na njaa muda wote ichaji taratibu kwa chaja mpaka ijae kabisa, usiiachie altaneta kazi hiyo, altaneta imetengenezwa kutunza betri iliyojaa, kufufua mfu inachemka

MzeeWaStarta
Basi na mimi nisaidieni hapohapo. Ya kwangu ni ile yenye katauti (hiyo regyuleta yenu) ya nje, ukutani karibu na betri. Taa ya chaji haiwaki kabisa ata ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, na chaji inakuja tu nikikanyaga mafuta sana, baada ya hapo inaendelea vizuri. Nayo ni waya?

Volti14
Mzee hapo kabla ya kugusa kitu chochote angalia balbu ya hiyo taa. Kwenye nyingi za zamani ule mkondo mdogo unaopita kwenye balbu ndo unaoamsha sumaku ya altaneta ianze kuzalisha, balbu ikiungua inasubiri mpaka uipige resi kubwa ijiamshe yenyewe kwa ile sumaku kidogo iliyobaki kwenye chuma. Weka balbu ya wati zilezile, usiweke LED maana haipitishi mkondo wa kutosha. Ikiwa balbu ni nzima, chomoa ule waya mwembamba wa taa kwenye altaneta, fungua swichi, ugusishe kwenye bodi: taa ikiwaka waya na balbu viko sawa, nenda kaangalie kaboni. Isipowaka shida iko kati ya swichi na huo waya, na kwenye ya kwako unapitia kwenye katauti, kwahiyo plagi ya katauti isafishe kwanza.